Mimba inapochelewa: mirija, mbegu na kalenda bila uzushi

Nguzo za umeme za Kariakoo hazikosi matangazo: "Mirija imeziba? Mbegu nyepesi? Hedhi haieleweki? Dawa ipo, piga simu." Ukifungua WhatsApp unakutana na hayo hayo, safari hii kwa sauti tamu inayoahidi ujauzito ndani ya mwezi. Matangazo yangebaki nguzoni yasingekuwa na madhara makubwa, lakini maneno yake yameshahamia saluni, kwenye vikao vya kina mama na hadi chumbani. Dada anakwambia mirija yake imeziba. Ukimuuliza alipimwaje, anajibu alitoa mkojo. Kaka anasema mbegu zake ni nyepesi. Ukimuuliza nani kapima, anasema aliona mwenyewe.

Mkojo hauonyeshi mirija, na macho hayaoni mbegu. Katikati ya mkanganyiko huo watu wanapoteza fedha nyingi, na wanapoteza miaka, ambayo kwa suala hili ina thamani kuliko fedha. Hoja yangu ni moja na nitairudia bila aibu: wanaotafuta mtoto ni wawili, basi wapimwe wawili, tena mapema.

Ugumba ni nini hasa

Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ugumba ni pale mwanamke na mwanamume wanapokutana kimwili mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 au zaidi na mimba isitunge. Ripoti ya shirika hilo ya Aprili 2023 ilikadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia hali hiyo wakati fulani maishani, na nchi tajiri hazikutofautiana sana na zetu. Kwa hiyo kwenye kila ukoo mkubwa yupo anayelipitia, hata kama hajasema.

Miezi 12 haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Wanandoa wenye afya njema, mwanamke akiwa bado kijana, kila mwezi wana nafasi ya takriban 1 kati ya 4 au 5 ya kupata mimba. Mwezi kupita bure ni kawaida, na hata miezi minne. Katika wanandoa 100, zaidi ya 80 huwa wameshapata mimba mwaka ukiisha, na karibu nusu ya waliobaki huipata mwaka wa pili bila tiba yoyote. Hapo ndipo dawa za nguzoni zinapopatia mashahidi wake. Wape watu 100 wasio na tatizo maji ya bomba yaliyotiwa rangi, wanywe miezi sita. Wengi watashika mimba na watakuja kutoa ushuhuda kwa moyo mweupe kabisa.

Wapo wasiopaswa kusubiri mwaka. Mwanamke mwenye miaka 35 na kuendelea aende hospitali baada ya miezi sita, na akifika 40 aende mara moja. Vivyo hivyo asisubiri ambaye hedhi yake hupotea miezi mizima, aliyewahi kuugua maambukizi makali ya tumbo la chini, aliyepata mimba nje ya kizazi, au mwanamume ambaye korodani zake hazikushuka utotoni au aliyetibiwa saratani.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kwamba kuna ugumba wa kwanza, ambapo mimba haijawahi kutunga, na ugumba wa pili, unaomkuta mtu aliyekwisha kuzaa au kushika mimba. Huu wa pili umeenea sana Afrika. Watu hawauamini: "Mbona nina mtoto wa miaka saba?" Mtoto wa miaka saba ni ushahidi wa hali ya mwili miaka minane iliyopita. Baada ya hapo huenda kulikuwa na maambukizi ya baada ya kujifungua, mimba iliyoharibika na kusafishwa vibaya, klamidia, ugonjwa wa zinaa, iliyopita kimya, au umri tu umesogea.

Kalenda inayodanganya

Yai moja hupevuka, kwa kawaida mara moja kwa mwezi, na likishatoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja unapata siku sita hivi za kushika mimba kila mwezi, zile ambazo wengi huziita siku za hatari: siku tano kabla ya yai kutoka, na siku lenyewe linapotoka. Mbegu zinatakiwa ziwe zimefika na zinasubiri. Anayengoja hadi yai litoke ndipo aanze, mara nyingi huchelewa.

Kosa kubwa liko kwenye kuhesabu. Tumefundishwa "siku ya 14" kana kwamba ni ya kila mwanamke. Siku 14 zinahesabiwa kurudi nyuma, kutoka hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 35 hutoka karibu na siku ya 21, na wa siku 24 karibu na siku ya 10. Mwanamke wa siku 35 anayefuata siku ya 14 kwa uaminifu mwaka mzima anaweza kukosa karibu kila mwezi, kisha akaambiwa kizazi chake hakifai. Programu za simu nazo hukisia kwa wastani wa miezi iliyopita. Mzunguko ukiyumba, zinakisia vibaya. Dalili ya mwili inasaidia zaidi: ute ukeni unakuwa mwingi, mwepesi, wa kuteleza na unavutika mithili ya ute wa yai bichi. Njia rahisi kuliko zote ni kukutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima na kuiacha kalenda ipumzike. Kujizuia wiki mbili ili "mbegu zijae" hakusaidii, maana mbegu zilizokaa sana hupungua mwendo.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya kigeni havilizungumzii. Mume ni dereva wa lori la Dar es Salaam hadi Lubumbashi, au yuko mgodini Geita, au mke ameajiriwa Muscat na hurudi mara moja baada ya miaka miwili. Wanasema wametafuta mtoto miaka mitatu. Ukihesabu miezi ambayo kweli walikutana ndani ya zile siku sita, unaweza kupata minne au mitano. Hao hawajafikisha mwaka wa kujaribu, na dawa yao ya kwanza ni ratiba ya likizo.

Mwanamume aanze

Katika karibu nusu ya wanandoa wenye tatizo, upande wa mwanamume una mchango, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Hata hivyo nenda kliniki yoyote ya uzazi uone ni nani kakaa kwenye benchi. Mwanamke amepigwa picha, amechomwa sindano, amenyweshwa vidonge, amepelekwa kwa mtaalamu wa asili Tanga na kwa mchungaji wa Mbezi, na mume hajatoa hata tone moja likapimwa. Hili linaniumiza, kwa sababu kipimo cha mwanamume ni rahisi, hakina sindano, na bei yake ni ndogo kuliko karibu vyote vya mwanamke.

Sababu wanayoitoa ni kwamba "mashine inafanya kazi". Nguvu za tendo na uwezo wa kutungisha mimba ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtu anaweza kuwa imara kitandani na mbegu zake zikawa sifuri. Manii ni maji yanayotoka. Mbegu ni chembechembe zilizomo ndani yake, na hazifiki hata sehemu 10 kati ya 100 za maji hayo. Kwa hiyo uzito wa manii hausemi kitu. Manii mepesi yanaweza kuwa na mbegu milioni mia, na mazito yakawa matupu. Na yanayomwagika nje baada ya tendo si dalili kwamba kizazi kimekataa. Mbegu zinazoogelea vizuri zimeshaingia kwenye ute wa shingo ya kizazi dakika za mwanzo.

Kipimo chenyewe kina masharti. Usitoe manii kwa siku 2 hadi 7 kabla. Tumia kikopo cha maabara, si chupa ya dawa uliyosuuza nyumbani wala kondomu ya kawaida, na usitumie sabuni, mafuta wala mate. Sampuli yote iingie; mwanzo wake ndio wenye mbegu nyingi, ukiumwaga useme ukweli. Kama umetolea nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Mwanamume anayekwenda na bodaboda akiwa amekiweka kikopo kwenye mfuko wa ndani wa shati, karibu na kifua, amefanya sawasawa. Aliyekiweka kwenye mfuko wa plastiki wenye barafu atapata majibu ya mbegu zilizolala na atalia bure.

Majibu nayo yanatisha kama hujaelezwa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataja viwango vya chini vya wanaume waliofanikiwa kutungisha mimba: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42, na zenye umbo zuri asilimia 4. Soma hiyo ya mwisho tena. Mwanamume ambaye mbegu zake 96 kati ya 100 zina umbo lisilo kamili bado yumo ndani ya kiwango. Kuwa chini kidogo ya namba hizo hakumaanishi huwezi kuwa baba. Kunamaanisha safari inaweza kuwa ndefu. Na jibu moja baya halitoshi kuhukumu. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, hivyo malaria kali ya Machi inaweza kuonekana kwenye kipimo cha Mei. Kipimo hurudiwa, na daktari akigusa korodani atajifunza mengi ambayo karatasi haisemi.

Visababishi ni vingi: mishipa iliyovimba ndani ya mfuko wa korodani, ambayo upasuaji huweza kusaidia, kisonono au klamidia iliyoziba njia, matubwitubwi yaliyompata mtu baada ya kubalehe, kisukari, sigara, pombe nyingi, unene, joto la muda mrefu, kwa sababu korodani zinahitaji ubaridi wa nyuzi chache chini ya mwili. Kimoja nakitilia mkazo kwa vijana wa jimu: sindano za testosteroni, homoni ya kiume, na dawa za kujaza misuli huzima kiwanda cha mbegu. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Kuna wanaofika sifuri, na kurudi huchukua miezi mingi.

Unga wa nguvu za kiume hautibu lolote kati ya hayo. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta mara kwa mara bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa kisirisiri na dawa za kusimamisha za hospitali, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo hilo ni jambo la hatari.

Mrija si bomba la sinki

Kwa mwanamke maswali makuu ni matatu: yai linatoka? Njia iko wazi? Mahali pa kujishikiza pakoje?

La yai kwanza. Hedhi inayokuja kila baada ya siku 24 hadi 35 kwa kawaida huonyesha kwamba yai linatoka. Hedhi za kila miezi miwili au mitatu huonyesha halitoki vizuri, na mara nyingi chanzo ni ule ugonjwa wa vifuko vya mayai kuwa na vijifuko vingi vidogo, PCOS, ambao unakadiriwa kuwapata wanawake takriban 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Unaambatana na chunusi, ndevu na kuongezeka uzito. Kwa walionenepa, kupungua hata kilo 5 kati ya 100 kunaweza kurudisha hedhi. Lakini "homoni zimevurugika" peke yake si jibu la kipimo. Uliza homoni ipi. Inaweza kuwa ya tezi ya shingo, inaweza kuwa prolaktini, ile inayotoa maziwa kwa mwanamke asiyenyonyesha, na kila moja ina tiba yake.

Umri nao uko hapa. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai milioni 1 hadi 2, akivunja ungo amebakiwa na laki tatu au nne, na hatengenezi mapya. Baada ya miaka 35 kasi ya kupungua kwa idadi na ubora huongezeka, hata kwa mwanamke asiyeugua kitu na anayeonekana wa miaka 28. Ndiyo maana miaka mitatu ya kuzunguka na chupa za mitishamba kutoka 34 hadi 37 ni hasara isiyolipika.

Sasa mirija. Kila mrija una urefu wa sentimeta 10 hivi, mwembamba, na ndani umefunikwa na vinyweleo vinavyosukuma yai. Mbegu na yai hukutana humo, si kwenye mji wa mimba. Adui wake mkubwa ni klamidia na kisonono. Klamidia kwa wanawake wengi haina dalili yoyote: hakuna maumivu, hakuna harufu, maisha yanaendelea, na huku juu mrija unaungua na kupona kwa kovu. Mtu aliyemwagikiwa mafuta ya moto mkononi, vidole vikapona vikiwa vimeshikana, hakuna chai atakayokunywa ivitenganishe. Kovu la mrija ni hivyo hivyo. Antibayotiki huua vijidudu, lakini kovu lililokwisha kufungika linabaki. Anayekuuzia dawa ya "kuzibua" kwa siku 14 anakuuzia picha ya sinki lililoziba, na mrija si sinki.

Njia ya kujua ni kupiga picha ya HSG. Unakwenda hedhi ikishaisha, kabla yai halijatoka. Unalala kwenye meza ya eksirei, daktari anaweka kifaa kilekile cha kupima shingo ya kizazi, anaingiza mrija mwembamba na kusukuma dawa ya kung'aa. Kwenye skrini mji wa mimba unajitokeza kama pembetatu nyeupe, kisha nyuzi mbili nyembamba zinachomoza pembeni, na zikiwa wazi dawa inamwagika na kutawanyika tumboni. Yote huchukua dakika chache, na yanauma kama maumivu makali ya hedhi. Meza dawa ya maumivu saa moja kabla na nenda na mtu wa kukurudisha. Wakati mwingine mrija hujikaza kwa maumivu ukaonekana umeziba na haujaziba, kwa hiyo jibu baya huweza kuthibitishwa kwa kamera ya tumboni. Jambo la kutia moyo: utafiti mkubwa uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake waliopimwa kwa dawa ya mafuta walishika mimba zaidi, ndani ya miezi sita, kuliko waliopimwa kwa dawa ya maji. Hao walikuwa watu ambao hatari yao ya kuwa na kovu ilikuwa ndogo.

Vipi kuhusu UTI? Hayo ni maambukizi ya njia ya mkojo, na kibofu hakina mlango wa kwenda kwenye mirija. UTI ya kawaida haizibi mirija. Hatari iko kwenye kuandikiwa "UTI sugu" kila mwezi kwa kipimo cha mkojo cha haraka, ukameza antibayotiki nusu dozi, huku klamidia haijapimwa na mume hajatibiwa. Maambukizi ya via vya uzazi, PID, hutibiwa kwa dawa zaidi ya moja kwa wiki mbili, na mwenzi anatibiwa pia hata kama anasema yuko salama; asipotibiwa, mnarudishiana.

Na "kusafisha kizazi"? Mji wa mimba hujisafisha wenyewe kwa hedhi. Vile vifuko vya dawa vinavyowekwa ukeni "kutoa uchafu" huchubua ukuta wa uke, na kile kinachotoka kinachoonyeshwa kwenye picha ni utelezi na ngozi iliyochubuka, si uchafu wa tumboni. Kujiosha kwa ndani kwa sabuni, ndimu au kuweka shabu ili kukaza huua vijidudu vizuri vinavyolinda uke na kufungulia mlango vibaya. Maji ya nje yanatosha.

Kwa wanawake wa Kanda ya Ziwa, Unguja, Pemba na kwingine walikocheza majini utotoni, yuko mhalifu mwingine asiyetajwa: kichocho. Mayai ya minyoo hiyo hukwama kwenye shingo ya kizazi na hata kwenye mirija, yakaleta vidonda, damu na kovu, na mara nyingi mgonjwa hutibiwa magonjwa ya zinaa miaka mingi bila nafuu. Mwambie daktari ulikokulia. Prazikwanteli ni dawa ya bei ndogo, na ikipatikana mapema huokoa mengi.

Kuhusu mji wa mimba, uvimbe wa fibroidi ni mwingi mno kwa wanawake weusi na wengi huzaa wakiwa nao. Cha kuuliza si ukubwa peke yake, ni mahali ulipo. Unaojitokeza ndani ya chumba cha mimba ndio unaozuia. Ulioota kwa nje mara nyingi hauna neno. Usikubali upasuaji kabla ya kuelezwa hilo. Naye mwanamke ambaye maumivu ya hedhi humlaza kitandani kila mwezi asiambiwe ni kawaida au ni chango, kwani huenda ni endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama za ukuta wa mji wa mimba kuota nje yake, unaokadiriwa kumpata mwanamke 1 kati ya 10.

Wakati mwingine vipimo vya wote wawili huja safi na mimba bado haipo. Hilo lipo na lina jina, ugumba usiojulikana chanzo, na ndilo linalowapeleka watu kwenye majini mahaba. Sibezi imani ya mtu. Anayetaka kuombewa aombewe. Ila tarehe ya kliniki isisogezwe kwa ajili ya maombi.

Uzazi wa mpango hauui kizazi. Baada ya vidonge, vijiti au kitanzi, uwezo hurudi upesi. Sindano ya miezi mitatu ndiyo huchelewesha: kutoka sindano ya mwisho hadi mimba inaweza kufika miezi 10 kwa wastani. Inachelewa, haizimi.

Tiba hupanda ngazi

Kwa asiyetoa yai, vidonge vya letrozoli au klomifeni humezwa siku tano mwanzoni mwa hedhi, na altrasaundi hufuatilia. Vidonge hivi vinauzwa dukani kiholela, na wako wanaonunuliwa na rafiki zao. Tafadhali usinywe kabla ya kujua mbegu za mumeo na hali ya mirija. Mrija uliojeruhiwa nusu unaweza kulikamata yai lililotungwa, ikawa mimba nje ya kizazi, na hiyo inaua.

Ngazi inayofuata ni kuziosha mbegu na kuziingiza moja kwa moja kwenye mji wa mimba. Inahitaji angalau mrija mmoja ulio wazi. Juu yake kuna upandikizaji mimba, IVF. Mwanamke huchomwa sindano siku 10 hadi 12 ili mayai mengi yakue, yanavunwa kwa sindano kupitia ukeni, yanakutanishwa na mbegu maabara, na baada ya siku 3 hadi 5 kiinitete, yaani yai lililokwisha kutungwa, kinarudishwa ndani. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978; Nairobi ilipata wake mwaka 2006. Tangu 1992 inawezekana pia kuchukua mbegu moja tu na kuichoma ndani ya yai, na hapo hata mwanamume ambaye njia imeziba huweza kutolewa mbegu kwenye korodani kwa sindano. Mrija uliojaa maji huondolewa au kufungwa kwanza, kwa sababu maji yake yakirudi kwenye mji wa mimba hupunguza sana mafanikio.

Kuhusu mafanikio, kuweni macho. Takwimu za Uingereza za mwaka 2019 zilionyesha kwamba kwa wanawake chini ya miaka 35, kila kiinitete kilichopandikizwa kilizaa mtoto kwa karibu asilimia 32, na kwa waliozidi miaka 43 wakitumia mayai yao, chini ya asilimia 5. Kliniki ikikwambia asilimia 70, iulize: ni ya vipimo vya mimba au ya watoto waliozaliwa? Ya umri wangu? Bei hiyo ina dawa ndani yake? Mnarudisha viinitete vingapi? Huduma hii inagharimu mamilioni ya shilingi na bima nyingi hazigusi.

Wengi huuliza pia msimamo wa dini. Fatwa ya Al-Azhar, taasisi ya Kiislamu ya Misri, ya mwaka 1980 iliruhusu njia hii kwa mume na mke ndani ya ndoa, kwa mbegu na yai lao wenyewe, bila mtu wa tatu. Kanisa Katoliki, kwa waraka wake wa mwaka 1987, linaikataa, ingawa halikatazi kutibu mirija, homoni au mbegu. Ongeeni na sheikh au padri wenu kabla ya kulipa, si baadaye. Na wanaoishi na VVU wasijitoe kwenye hesabu: anayemeza dawa vizuri na virusi vyake havionekani kwenye kipimo haambukizi mwenzi kwa kujamiiana, na kwa uangalizi wa kliniki mtoto huzaliwa salama.

Siku ya kwanza ya kliniki nendeni wote wawili. Bebeni tarehe za hedhi za miezi sita iliyopita, majina ya dawa zote mlizotumia pamoja na za mitishamba, na majibu ya zamani hata yaliyochakaa. Mke aanze vitamini ya foliki asidi, miligramu 0.4 kwa siku. Kila mmoja apate dakika zake peke yake na daktari, maana ziko habari za ujanani ambazo hazisemeki mbele ya mwenza, na ndizo zinazofungua fumbo. Kwa mama mkwe na mawifi, azungumze mwenye ndugu hao. Mume akimwambia mama yake "mimi na mke wangu tunapimwa wote", maneno mengi hukoma siku hiyo.

Kaeni pia mkubaliane mapema mtafika wapi: fedha kiasi gani, mizunguko mingapi, kiwanja kiuzwe au kisiuzwe. Wanaofikia kuasili, kwa Tanzania ombi huanzia ofisi ya ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto hukaa kwanza kwenu kwa uangalizi, kisha mahakama hutoa amri. Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imetambua pia kafala, malezi ambayo familia ya Kiislamu humlea mtoto bila kumbadilishia nasaba.